Mpeni Mwanafunzi Ufunguo wa Stoo

Ndugu zangu wa Kajaga, na ninyi wa Gatumba, na ninyi mnaolala Bujumbura mjini, Buyenzi na Kinama, lakini riziki yenu iko huku ufukweni mwa ziwa Tanganyika: kabla sijawauliza habari za roho zenu, nawauliza habari za stoo zenu. Ufunguo anashika nani? Mwenye hoteli, ukisafiri kwenda Dar es Salaam kufuata mzigo, nani anabaki na neno la mwisho? Na wewe mzazi, mwanao aliyemaliza lise akapata diploma yake ya usimamizi na uhasibu, amewahi kukabidhiwa nini hata siku moja, kikahesabiwa mbele ya macho yake, naye akatia sahihi kwamba amekipokea?

Hamjibu. Basi tufungue kisa cha Yusufu.

Mkristo atamkuta katika kitabu cha Mwanzo, Mwislamu atamkuta katika sura inayobeba jina lake, na sijui nyumba kati ya hapa na mpaka wa Congo isiyomfahamu. Tumehubiri ndoto zake. Tumehubiri kanzu yake. Mke wa bwana wake tumemhubiri mpaka tumemchosha. Lakini kazi ya Yusufu nani ameihubiri? Mwanzo inamtaja akiwa na miaka 17, anachunga mifugo pamoja na ndugu zake, ndipo wakamwuza. Miaka 17! Huo ni umri wa yule kijana wa lise unayempita kila asubuhi kwenye barabara ya Uvira, daftari limeviringishwa mkononi. Akaingia nyumba ya Potifa, ugenini, na baada ya muda bwana yule akamwachia vyote alivyokuwa navyo, yeye akabaki na habari ya chakula chake tu. Akatiwa gerezani bila kosa, na mkuu wa gereza naye akamkabidhi wafungwa. Alipofikishwa mbele ya Farao alikuwa na miaka 30. Hesabuni wenyewe: miaka 13 ya kushika mali na watu wasio wake, akitoa hesabu kwa mabwana ambao wangeweza kumwangamiza kwa neno moja. Hiyo ndiyo shule aliyotoka nayo kwenda kusimamia nafaka ya Misri.

Qurani inaongeza jambo ambalo kila mwenye ghala la mpunga hapa Imbo atalielewa upesi kuliko mimi. Yusufu aliagiza mavuno yaachwe katika mashuke yake, isipokuwa kidogo cha kula. Kufasiri ndoto kulikuwa kipawa kutoka kwa Mungu, sibishi. Lakini agizo lile la mashuke mimi nalisikia kama neno la mtu aliyewahi kuingiza mkono ndani ya gunia akakuta nafaka imeshika joto. Na alipoomba awekwe juu ya hazina za nchi, alitaja mambo mawili tu: kwamba yeye ni mlinzi, na kwamba anajua. Sisi tunawapa vijana wetu kujua, tukawanyima ulinzi, kisha tunashangaa Farao haji kuwaita.

Ingieni darasani mkasikilize. Mwalimu anauliza usimamizi ni nini, na darasa zima linaimba kwa Kifaransa: kuona mbele, kupanga, kuamrisha, kuratibu, kukagua. Vizuri sana. Mambo hayo matano ni ya Henri Fayol, Mfaransa aliyechapisha kitabu chake mwaka 1916. Lakini nani aliwaambia watoto kwamba Fayol aliingia mgodi wa makaa ya mawe wa Commentry mwaka 1860, akiwa na miaka 19? Alikaa kazini zaidi ya miaka 50 ndipo akayaandika yale ambayo mtoto wa Kajaga anayakariri kwa juma moja kabla ya mtihani. Tena moja ya mafunzo yake ya mwanzo lilitoka kwa farasi. Mwaka 1861 farasi wa mgodini alivunjika mguu. Fayol akaandika hati atolewe farasi mwingine. Mtunza zizi akakataa: hati haina sahihi ya mkurugenzi. Mkurugenzi hayupo. Ameacha nani mahali pake? Hakuacha mtu. Kazi ikalala.

Mnacheka, na kila usiku mnafanya hivyo hivyo. Umeme wa shirika la Regideso umekatika saa mbili, wageni wako mezani na samaki wa mukeke ameshageuzwa kwenye mkaa, jenereta lipo, mafuta mliyoyahangaikia foleni siku kadhaa yamo ndani ya stoo, na ufunguo uko mfukoni mwa patroni mwenye hoteli, na patroni yuko Dar. Mgeni anatazama giza. Kijana wa mapokezi anatazama simu. Hiyo ni hoteli, au ni zizi la Commentry?

Sasa nisemeje juu ya stagi, haya mafunzo ya kazini? Shule zetu za ufundi zina stagi, na kwa jina ni jambo jema. Kwa matendo, ninyi mnajua. Mwanafunzi anafika na barua ya direkta, patroni anaiweka chini ya sahani, kijana anaambiwa aoshe gari, kesho akanunue mkate, keshokutwa akae pale kwenye kiti asubiri. Mwisho wa stagi anagongewa muhuri. Wengine muhuri wanaupata bila hata kufika. Nimezisoma ripoti hizo: shukrani kwa Mungu, shukrani kwa wazazi, historia ya hoteli, mchoro wa ngazi za uongozi uliopigwa kwa rula, halafu hitimisho. Moja ilisifu bwawa la kuogelea la hoteli ambayo haina bwawa. Mwanafunzi yule simlaumu. Ripoti aliinunua tayari imeandikwa, kama tulivyomfundisha kununua kila kitu.

Ngoja niwaonyeshe ninachokitaka, maana mahubiri yasiyoonyesha ni kelele. Saa kumi jioni, zamu inabadilika. Mezani kuna fishi ya stoki, ina safu za kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Msichana wa miaka 17 ameikabidhiwa tangu asubuhi. Fishi inasema kreti 24 za Fanta. Sakafuni zipo 23. Anahesabu tena. Ni 23. Sasa ndipo masomo yanaanza. Je, kreti tupu iliondoka na gari la kiwanda cha Brarudi bila kuandikwa? Je, mpishi alichukua moja kwa ajili ya harusi ya mchana akasema ataandika baadaye? Au kuna mkono? Na mtunza stoo ni mzee wa rika la baba yake, amekaa hapo tangu hoteli haijaezekwa. Akimwambia, umeiba, amevunja nyumba. Akinyamaza, ameingia katika deni lisilo lake. Anavuta pumzi: "Baba, samahani, kuna kreti moja siioni kwenye hesabu. Naomba tuhesabu pamoja kabla sijatia sahihi." Mzee ananung'unika, anainuka, wanahesabu. Kreti inaonekana nyuma ya mlango wa baa, au haionekani, na inaandikwa kwa kalamu kwamba haikuonekana, na sahihi mbili zinakaa chini ya maandishi hayo.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msichana huyu amejifunza jambo la ziada: namna ya kulishika daftari mbele ya mkubwa bila kumvunjia heshima na bila kuivunja kweli. Nionyesheni ubao unaofundisha hilo! Heri kijana apotewe na kreti ya Fanta akiwa na miaka 17, patroni akamwonya na mwalimu akamsimamia, kuliko kupotewa na mkopo wa benki akiwa na 27 huku polisi wanamtafuta.

Maana mikopo inakuja. Mwaka 2020 Burundi ilifungua benki ya vijana, BIJE. Mwaka 2021 ukaanzishwa mpango wa kuwainua vijana kiuchumi na kuwapatia kazi, ule tunaouita PAEEJ. Koperative za vijijini za Sangwe nazo zilitengewa faranga milioni 10 kwa kila kolini, yaani kila kilima. Nashukuru, na nauliza swali lile lile: milioni hizo zilipofika, nani alishika daftari? Mara nyingi ni yule aliyejua kusoma vizuri zaidi, si yule aliyewahi kutoa hesabu. Na koperative hiyo hiyo, yenye mahindi yake na mashine yake ya kusaga, iko mwendo wa miguu kutoka shuleni. Mwalimu wa uhasibu anachora mizania ya kampuni ya kubuni ubaoni, na mizania ya kweli imelala ndani ya sanduku la mbao kule kwa mwenyekiti, haijafungwa tangu msimu uliopita. Bwana Direkta, vuka barabara!

Wapo waliovuka zamani. Mwaka 1908, katika mji wa viwanda wa Fitchburg huko Massachusetts, Marekani, shule ya sekondari ilikubaliana na wenye karakana za mashine. Wavulana walisoma mwaka wa kwanza wote darasani, kisha kwa miaka mitatu wakawa juma moja shuleni, juma moja karakanani, wawili wawili kwa nafasi moja ya kazi, na walilipwa kwa saa. Uzuri wa mpango ule uko katika siku ya Jumamosi. Yule aliyekuwa shuleni alikwenda karakanani kuonyeshwa na mwenzake kazi imefikia wapi, ili Jumatatu ashike chombo bila mashine kusimama. Makabidhiano, ndugu zangu! Mtoto wa miaka 16 anamkabidhi mtoto wa miaka 16, na tajiri hapotezi hata saa moja. Walikuwa wameiga kutoka Chuo Kikuu cha Cincinnati, ambako Herman Schneider alianza mwaka 1906 na wanafunzi 27. Nasi hapa, ambapo shule nyingi za msingi hugawa siku, kundi moja asubuhi na jingine alasiri, mtu asiniambie kwamba kupokezana ni jambo tusiloliweza. Tunalifanya kwa sababu ya uhaba wa madarasa. Tulifanye sasa kwa sababu ya wingi wa kazi.

Lakini nawatahadharisha, maana jambo jema huharibikia mikononi mwa wavivu. Jirani zetu wa Tanzania walipewa Elimu ya Kujitegemea na Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967. Shule iwe na shamba, wanafunzi walime, na Mwalimu alitaka washiriki katika kuamua: nini kipandwe, mapato yatumikeje. Shule nyingi zikachukua jembe zikaacha uamuzi. Mtoto akalima, akavuna, asijue gunia liliuzwa kwa bei gani wala fedha ilikwenda wapi, na jembe likawa adhabu ya wachelewaji. Kilichotakiwa kuzaa wasimamizi kikazaa watu wanaolichukia shamba. Basi patroni wa Kajaga, ukinichukulia mwanafunzi ukampa ufagio peke yake, usiseme umefundisha. Ufagio anaujua. Ameufagia uwanja wa shule tangu darasa la kwanza, na Jumamosi yuko kwenye kazi za jumuiya pamoja nawe. Mpe kitu kinachohesabika. Mpe ratiba ya zamu aipange, akosee, wapishi wawili wapangiwe siku moja na siku ya pili asiwepo hata mmoja, akae na aibu hiyo mpaka jioni.

Najua utasema nini. Utasema Buyenzi hawana stagi, na mafundi wanatoka. Kweli, na nawavulia kofia. Ukipita karibu na soko la Ruvumera utakuta mtoto amelala chini ya gari, miguu tu inaonekana, na fundi anamwambia sauti ya injini ina ugonjwa gani kabla hajaifungua. Uanagenzi ule ni wa heshima, umelisha familia ngapi! Lakini mwulize fundi huyo, gereji iliingiza kiasi gani mwezi uliopita, na vipuri vilivyolala rafuni vina thamani gani. Atakuonyesha kichwa chake. Vyote vimo humu. Akifa, gereji inazikwa naye. Mkono umefunzwa Buyenzi, kichwa kimefunzwa lise, na kati yao kuna kilomita chache za barabara, na hakuna aliyewahi kuwatambulisha.

Sasa nageukia jambo linalonifanya nikose usingizi, na baba zangu mnisikilize bila kutazama pembeni. Wasichana. Kajaga ni ufuko. Kuna muziki, kuna wageni wenye fedha, kuna wakubwa wanaokuja Ijumaa na hawataki kujulikana. Mama akiniambia, mtoto wangu hatakanyaga hotelini, simwiti mshamba. Ana macho. Lakini nasi tukikubali hivyo, tumewapa wavulana funguo zote na wasichana tumewaachia sinia. Basi masharti yawe makali, na yaandikwe: mwanafunzi wa kike haanzi kazi bila mwanamke mtu mzima wa hapo hapo kazini aliyetajwa kwa jina katika makubaliano, jua likizama yuko nyumbani kwao, hatumwi chumbani kwa mgeni, hata kwa kupeleka shuka au chai, na mtu akimgusa, stagi inakatwa siku hiyo, direkta anakwenda mwenyewe polisi, hatumi barua. Patroni anayeona masharti haya ni mazito ametusaidia kumjua. Tusimpelekee hata wavulana.

Umri nao usichezewe. Mwaka 2000 Burundi iliridhia mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, namba 138, ikatangaza miaka 16 kuwa umri wa chini wa kuajiriwa. Mtoto wa miaka 13 anayebeba ndoo za ndagala alfajiri hayuko stagi. Yuko kazini, na anatakiwa awe darasani.

Na walimu! Mwalimu anayempeleka mwanafunzi hotelini kisha asionekane mpaka siku ya kutoa alama ni mchungaji wa namna gani? Fika kila juma. Kaa dakika kumi na patroni, dakika kumi na kijana, na uulize swali moja tu: wiki hii umeamua nini? Asikueleze alichofanya. Akueleze alichoamua. Akikosa jibu majuma mawili mfululizo, mtoe hapo, umtafutie mahali pengine. Najua mshahara wa mwalimu na najua nauli ya basi kutoka mjini ilivyo petroli ikiadimika. Kwa hiyo nasema anzeni na sehemu zilizo karibu na shule, mwalimu aende kwa miguu. Kajaga si kubwa.

Tena kuna somo ambalo Kajaga inalo kuliko mji wowote wa nchi hii, na ziwa ndilo mwalimu wake. Tanganyika ilipopanda, mwaka 2021 na tena 2024, maji yaliingia majumbani na hotelini. Sheria ya Maji ya mwaka 2012 ilikuwa imeshasema ujenzi ukae mita 150 kutoka ufukweni. Nani alipima? Nani kati ya mameneja wetu alikuwa na daftari la kiwango cha maji, aliloandika Januari, Februari, Machi, akaona mstari unapanda, akahamisha magodoro na friji kabla ya usiku ule? Wape wanafunzi wawili mti wenye alama za sentimita, wausimike ufukweni, waandike kila Jumatatu. Kuona mbele, alisema Fayol. Huko ndiko kuona mbele. Kazi hiyo haina gharama, na viboko wakiwa nje asubuhi basi wasubiri saa tatu. Hiyo nayo ni kupanga.

Wazazi, msinifiche. Mtoto akirudi kutoka stagi amechoka, hana faranga, mtasema anatumiwa. Ulizeni kwanza amekabidhiwa nini. Kama hakuna, mna haki, nendeni mkamtoe, nami nitakuja nanyi. Kama anashika daftari la mtu na linasoma sawasawa, nyamazeni, mchemshieni maji aoge. Katika Qurani Musa alipatana kumtumikia mkwewe miaka minane, na ya tisa na ya kumi ilikuwa hiari yake. Wala hakuna aliyemwita mjinga.

Mwezi wa Septemba shule zinafunguliwa. Kwa hiyo Agosti ndiyo ya kutembea, na Direkta asitume mtu: avae viatu aende mwenyewe, hoteli kwa hoteli, gereji, zahanati, ghala la mpunga, koperative, wavuvi wenye injini na hesabu za mafuta. Karatasi ya makubaliano iwe ukurasa mmoja, yenye sahihi ya shule, ya mzazi na ya mwenye kazi, na iandikwe ndani yake kwa jina kile kitu ambacho mwanafunzi atakabidhiwa. Patroni akisema hana nafasi ya wanastagi, asiombwe nafasi. Aombwe fishi moja tu, ya soda au ya mashuka au ya mafuta ya jenereta, na vijana wawili wa kuishika kwa kupokezana. Akikubali, wahesabu siku hiyo hiyo mbele yake, watie sahihi, ndipo waulize chakula cha mchana kinatoka wapi.